Mshale wa Kuhesabu

Jumapili, 2 Machi

Kifurushi kimefika mchana. Nilidhani ni cha jirani, huwa wanakosea mlango. Kumbe ni changu! Ndani ya sanduku, sanduku jingine. Ndani ya hilo, kijimto kidogo cha kitambaa, na saa imelazwa juu yake.

Mwanangu huyo. Ana miezi miwili tu kazini, tayari anamnunulia mama yake saa. Nimekaa jikoni nikalia kidogo. Kisha nikajicheka, maana hakukuwa na wa kunibembeleza.

Si ya betri kama niliyozoea. Hii unaitia ufunguo asubuhi — unazungusha kidude cha pembeni, basi, inakwenda. Uso mweupe, na ndani yake vijisaa vitatu vidogo. Pembeni vifungo viwili. Ukibonyeza cha juu, mshale mrefu mwekundu unaanza kuhesabu. Ukibonyeza tena, unasimama. Cha chini kinaurudisha mwanzo. Nimeuchezea kama mtoto. Maji ya chai yamechemka kwa dakika sita na sekunde kumi na moja!

Nimempigia. Akasema, Mama, miaka ishirini na mbili unahesabu mioyo ya watoto wa watu kwa saa ya plastiki iliyofungwa plasta. Nikamwambia plasta ni kwa sababu mkanda ulikatika. Akacheka mpaka akapaliwa.

Ile ya zamani nimeitia kwenye droo.

Jumatatu, 3 Machi

Wodi nzima imetaka kuishika. Matroni akaiweka sikioni, akasema haya, sasa Dakika amepata dakika zenye hadhi yake.

Jina hilo nilipewa mwaka wangu wa kwanza na halikubanduka. Wenzangu wakiandika "saa nne na nusu", mimi naandika 4:27, kama ni 4:27. Siwezi kukadiria. Pengine ni ugonjwa. Lakini saa ya ukutani chumba cha kujifungulia imekufa tangu mvua za mwaka jana — barua tatu nimeandika, jibu hakuna — kwa hiyo mtoto akitoka, kila mtu ananigeukia. Dakika, saa ngapi? Ninachosema ndicho kinachoingia kwenye faili. Kuna watu wazima mji huu ambao saa yao ya kuzaliwa ilitoka mdomoni mwangu.

Alhamisi, 6 Machi

Imechelewa dakika nne kwa kulinganisha na redio. Jana ilikuwa sawasawa. Juzi, dakika saba.

Nimeirekebisha. Vitu vipya huwa vinahitaji kuzoeana na mtu. Viatu pia.

Jumamosi, 8 Machi

Sina zamu leo. Imekaa juu ya meza tangu asubuhi, sekunde kwa sekunde na redio. Jana kazini ilichelewa dakika tisa. Nyumbani malaika, kazini mvivu! Nilishawahi kuwa na mpangaji wa namna hiyo.

Mwanangu amepiga. Inaendaje? Nikasema inakwenda vizuri mno. Jamani, nimeanza kumdanganya mtoto kwa ajili ya saa.

Nimefungua droo nikaitazama ile ya plastiki. Nikaifunga. Wenzangu wangeuliza mpya iko wapi, na mmoja wao angemwambia mwanangu, wote wana namba yake. Nitakuwa nairekebisha kila asubuhi. Dakika chache tu.

Jumanne, 11 Machi

Sitaki kuandika.

Mtoto amefariki. Wa kiume. Mama yake ni fundi cherehani, miaka ishirini na sita, mimba ya kwanza. Alikuja kwa miguu yake asubuhi, tepu ya kupimia bado shingoni, alisahau kuivua.

Kila kitu kilikuwa sawa. Mashine ya kusikilizia iko kwa mafundi, nilitumia pembe ya mbao ya kusikilizia, sikio tumboni, jicho kwenye mshale mwekundu. Kila robo saa, na katikati nikauacha mshale ukiendelea bila kuusimamisha. 124. 122. 120. 118. Yote nimeandika. Halafu ghafla nikasikia kitu kama mtu aliyechoka anapanda ngazi. Nikamtuma mhudumu amkimbilie daktari. Nikausimamisha mshale, nikaandika 4:31.

Daktari alifika. Upasuaji. Hakulia. Tulijaribu kumzindua dakika ishirini, mimi ndiye niliyekuwa nahesabu, kwa saa ya ukutani ya huko.

Nimenawa mikono sijui mara ngapi.

Wakati wa kutoka, saa yangu na ya getini hazikupatana. Yangu iko nyuma dakika kumi na tisa. Nimeirekebisha.

Jumatano, 12 Machi

Bomba la jikoni linadondoka. Nimesimama nikalihesabu. 96 kwa dakika. Nimelifunga kwa kitambaa, likaendelea ndani ya kitambaa.

Yule mama yuko kitanda cha tatu. Nilipopita amenishika mkono akasema asante, Sista, ulijitahidi. Nimekwenda stoo ya mashuka nikakaa juu ya mzigo.

Mumewe amekaa kwenye benchi nje ya wodi, amepakata begi la nguo za mtoto. Halifungui, haliweki chini.

Ijumaa, 14 Machi

Matroni ameniita ofisini na kufunga mlango, jambo ambalo hafanyi. Kutakuwa na kamati. Familia haijalalamika, ila kila kifo cha namna hii lazima kijadiliwe. Ametoa faili. Kwa mwandiko wangu: daktari ameitwa 4:31. Kwa mwandiko wa daktari: nimefika 4:58, kwa saa yake iliyolingana na ya chumba cha upasuaji.

Dakika ishirini na saba, akasema Matroni. Kutoka upasuaji mpaka wodini ni kushuka ngazi moja tu! Kijana alikuwa anafanya nini?

Mhudumu ameshaulizwa. Anasema alikimbia, akamkuta, wakarudi naye wote mbio. Lakini mhudumu hana saa. Na daktari ndiyo kwanza ana mwaka mmoja hapa. Matroni akasema, ingekuwa mwandiko wa mtu mwingine ningeshuku. Wako, Dakika, nani atabishana nao?

Nikasema ndiyo, nilimwita niliposikia moyo umeshuka. Hilo ni kweli.

Nimerudi nyumbani, sijavua hata viatu. Nikafungua daftari hili, Jumanne. Mstari wa mwisho.

Kumi na tisa juu ya thelathini na moja, hamsini. Kutoka hamsini mpaka hamsini na nane, nane. Alifika kwa dakika nane. Alikimbia kweli.

Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe kisha nikaenda kuoga.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi saa yuko chini ya ngazi za jengo la posta, amejibana na meza yake kama kobe. Ana kioo jichoni hata akikuamkia. Nilimwambia ni mpya, inapotea. Akaifungua, akaitazama muda mrefu, akasema mbona safi, Mama. Hii ni kama mume mtanashati, labda wewe una wivu tu.

Nikamwambia nyumbani iko sawa, kazini inalala.

Akauliza, kazini unaifanyia nini usichoifanyia nyumbani?

Nikabonyeza kifungo cha juu.

Tukaitazama wote wawili. Akainyamazisha redio yake. Aaah, akasema. Hapo. Umeona? — Sikuona. Akanipa kioo. Mshale mwekundu ulikuwa unakwenda, unakwenda, halafu unasita. Kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuongea. Halafu unaendelea. Na ukisita, saa yote inasita nayo.

Akanieleza kwa mkono, vidole kama meno ya gurudumu. Kuna kipande ndani kinachounganisha mshale wa kuhesabu na mashine. Hiki kimetoka kiwandani kikibana. Ukiuwasha, nguvu ya saa inagawanyika, haitoshi, saa inaburuza. Hasa mkono ukiwa umetulia. Ukitikisika inachangamka.

Yaani inapotea pale tu ninapohesabu, nikasema.

Pale tu, Mama. Usipoitumia kuhesabu, huna ugomvi nayo.

Aliiweka karibu na yake tukapima. Dakika yangu moja ilichukua sekunde sabini na nane za kwake. Tukarudia. Sabini na saba. Tena. Sabini na nane.

Akaniuliza, kwani imekukosesha nini? Basi la asubuhi?

Nikasema ndiyo. Basi.

Hakutaka kuitengeneza. Alisema irudishwe ilikonunuliwa, ina dhamana, akiifanyia kazi yeye watakataa. Nikamwomba aandike alichokiona kwenye karatasi. Akanishangaa lakini akaandika, na mhuri akapiga, kwa mbwembwe.

Jumapili, 16 Machi

Nilikuwa nadhani shida ni 4:31. Kutwa nzima jana nilikuwa nadhani shida ni 4:31!

Leo asubuhi nilikuwa nakunja nguo. Nikasimama na shuka mkononi.

Mapigo.

Kama dakika yangu ni ya sekunde sabini na nane, basi sikuhesabu mapigo ya dakika moja. Nilihesabu ya dakika moja na sekunde kumi na nane, nikayaandika kuwa ya dakika moja. Nimechukua penseli. Sikutaka kuichukua.

124 ni 95.
122 ni 94.
120 ni 92.
118 ni 91.

Chini ya 110 unamwita daktari. Mwanafunzi wa wiki ya pili anajua hivyo. Moyo wake ulikuwa umeshachoka tangu nilipoanza kumsikiliza, na mimi kila robo saa naandika yuko salama. Kwa mwandiko mzuri.

Lakini sikio langu je? Miaka ishirini na mbili! Sikio halikusikia kwamba ni taratibu? Nakumbuka — hapana. Nakumbuka, ndiyo. Ile ya 120, nilisikia polepole. Nilitazama mshale, mshale ukasema 120, nikaamini mshale.

Nimehesabu moyo wangu kwa saa ya simu. 104. Nimelala chini sakafuni, sakafu ni baridi, nikahesabu tena.

Mwanangu amepiga mara mbili. Sikupokea.

Jumanne, 18 Machi

Navaa ile ya plastiki. Wenzangu wameona, hakuna aliyesema kitu.

Nilikuwa najaza madaftari ya zamu, kwenye saa tano hivi, nikasikia hodi. Fundi cherehani. Amekuja kutolewa nyuzi, akapitia kwangu. Amekonda. Nikamkaribisha kiti, akakaa nusu, kama atakayeondoka sasa hivi.

Alikuwa na swali. Tangu Jumanne ile analibeba.

Akasema, Sista, wewe ndiye unayejua saa zote. Mimi ni fundi. Nikikosea nusu inchi nguo haivaliki, kwa hiyo usinikadirie. Nataka kujua moyo wake ulianza kuchoka saa ngapi.

Nikamuuliza kwa nini, mwanangu.

Akasema, kwa sababu kuna wakati nilicheka. Ulinichekesha, unakumbuka? Ulisema mumeo wa zamani alizirai mlangoni kabla hujaanza hata kusukuma, ikabidi umpishe kitanda. Nilicheka mpaka nikasahau uchungu. Sasa kila nikiwa kwenye cherehani najiuliza. Pale nilipokuwa nacheka, mwanangu alikuwa mzima, au alikuwa ameshaanza kwenda?

Nilimchekesha baada ya 122. Kabla ya 120.

Nikamwambia alikuwa mzima. Nikamwambia moyo ulikuwa mia moja na ishirini na kitu, safi kabisa. Nikamshika bega.

Akashusha pumzi. Akasema basi, nashukuru. Maana kabla ya hapo nilikuambia ametulia mno, hachezi, ukasema hesabu iko sawa. Nami nikatulia. Nimejilaumu bure.

Akaondoka.

Aliniambia hachezi?

Nimerudi kusoma nilichoandika siku ile. Tepu shingoni nimeandika. Pembe, mshale, namba, yote nimeandika. Kwamba mama mwenyewe aliniambia mtoto hachezi — sikuandika. Faili nalo nililitazama. Hamna.

Aliniambia. Sasa hivi nasikia sauti yake ikiniambia, na nasikia yangu ikimjibu huku nikiandika, bila kuinua uso. Hesabu iko sawa, mama, usijitie hofu.

Jumatano, 19 Machi

Wamezaliwa wanne leo. Wote wamelia. Kila mmoja nilimhesabu mara mbili, kisha nikamwita mwenzangu naye ahesabu. Akaniuliza naumwa?

Ninapoinamia tumbo la mtu kusikiliza, nasikia mioyo miwili. Mmoja wa mtoto aliyemo. Mwingine unakuja kwa nyuma, taratibu.

Alhamisi, 20 Machi

Daktari kijana yuko kazini lakini amezuiwa upasuaji mpaka kamati ikae. Anatembelea wagonjwa, anaandika dawa, haongei. Zamani alikuwa akiingia wodini anaimba, sauti mbaya kama mlango, tukimfukuza anaongeza.

Nimemkuta kwenye ngazi. Alikuwa anashuka, halafu anapanda, halafu anashuka tena, simu mkononi. Aliponiona akaona haya.

Nikamuuliza unafanya nini, Daktari.

Napima, Sista. Nikitembea kawaida ni dakika nne. Nikikimbia, moja na nusu. Siku ile nilikuwa nafunga mshono wa mgonjwa, tuseme dakika tano, sita. Haifiki ishirini na saba. Nimejaribu kila namna haifiki.

Nilikuwa nimeshika ukuta.

Akasema, lakini wewe huwa hukosei. Kwa hiyo nimeanza kufikiri labda ni mimi. Labda mhudumu alikuja, nikamwambia subiri, nikasahau. Kichwa kinaweza kumficha mtu. Juzi nilikuwa na hakika kwamba sikusema subiri. Jana sikuwa na hakika. Leo namsikia kabisa mhudumu ananiita mara ya kwanza, nami sigeuki.

Hakuitwa mara mbili! Aliitwa mara moja, akaja mbio, soksi moja imeteremka, nilimwona kwa macho yangu!

Nilipaswa kumwambia pale pale ngazini. Mdomo ulifunguka. Nikasema, Daktari, nenda ukale kitu.

Akasema, nimekusudia kukubali mbele ya kamati. Nitaomba radhi kwa yule mama. Pengine nikikubali itanyamaza hii sauti.

Akagusa sikio lake, si kichwa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeandika barua ya maelezo. Nimeichana. Ilikuwa ya saa mwanzo mpaka mwisho. Fundi amesema, kiwanda kimekosea, mshale unasita. Mtu akiisoma angenionea huruma.

Jumapili, 23 Machi

Mwanangu amekuja. Hakupiga, amepanda basi la asubuhi akabisha hodi. Kwa kuwa hupokei simu, akasema, nimekuja kuona kama bado una mikono.

Akatazama mkono. Plastiki na plasta. Uso ukamwanguka, kisha akajitahidi kuunyanyua. Huipendi, Mama? Ungesema tu.

Nimemkalisha. Nimemweleza yote, kuanzia dakika nne za kwanza. Nilimwonyesha karatasi ya fundi, na zile hesabu zangu za penseli. Alisoma akiwa amejiziba mdomo.

Neno lake la kwanza: ni mimi niliyeinunua.

Nikamwambia hapana. Wewe ulinunua saa. Mimi ndiye niliyejua inachelewa nikaendelea kuivaa ili nisiulizwe maswali.

Akainuka, akaosha vikombe viwili ambavyo vilikuwa visafi. Akaongea akiwa amenipa mgongo. Nani anajua? Nikasema mimi na wewe. Fundi anajua saa tu, hajui kazi yangu.

Basi, Mama, akasema. Mtoto harudi. Daktari atapewa onyo, ni kijana, ataenda kwingine. Wewe umebakiza miaka mitatu ustaafu. Ukisema, wanakufukuza, pengine wanakushtaki. Na yule mama — umemwambia alicheka mtoto akiwa mzima. Utamnyang'anya na hilo?

Alisema nilichokuwa nakisema mwenyewe tangu Jumapili iliyopita. Neno kwa neno. Lakini kukisikia kwa sauti ya mwanangu, niliyemzaa, niliyemfundisha kurudisha chenji ikizidi! Nilimwangalia mgongo nikaogopa.

Nikamwambia, daktari naye ana mama.

Akageuka. Analia. Akasema najua. Nilitaka tu awepo mmoja wa kukutetea.

Tumekula bila njaa. Mchana wote nimeandika upya, naye amekaa mkabala, hakusoma, alikuwa ananichongea penseli wakati mimi natumia kalamu. Karatasi mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya mganga mkuu. Kamati imeanza saa tatu. Daktari yuko ndani. Nilifika mapema nikitaka nianze mimi, karani akasema utaratibu ni utaratibu, ataanza daktari. Nilimpa barua yangu aipeleke ndani, akasema maelezo yanasomwa na mwenyewe. Kwa hiyo nimeishika.

Mlango ni mwembamba. Namsikia anaongea. Maneno hayatoki wazi, ila sauti. Ni ya mtu anayesoma kitu alichokariri.

Saa ya mwanangu iko ndani ya bahasha, na karatasi ya fundi.

Nimesimama mara mbili nikashika kitasa. Karani amenitazama.

— Amekuja fundi cherehani. Peke yake, mumewe amebaki kulipaki gari la rafiki. Sikujua kama wamemwita. Amevaa gauni jeusi, amelishona mwenyewe, mishono haionekani. Ameniamkia, shikamoo Sista, akakaa ubavuni mwangu, akasogea karibu kwa sababu benchi ni fupi. Bega lake linagusa langu.

Anasema afadhali nimekukuta wewe. Nilikuwa naogopa kuingia humu peke yangu.

Anasema ameambiwa daktari atamwomba radhi, na hajui amjibu nini. Anamchukia, halafu anakumbuka jinsi mikono yake ilivyokuwa inatetemeka, hawezi kumchukia. Ananiuliza mimi nafikiri vipi. Je, alichelewa kweli?

Huko ndani sauti imesimama. Kuna mtu anakokota kiti.

Nimemwambia hapana. Hakuchelewa.

Ananitazama.

Nimempa barua. Nimemwambia soma hii, mwanangu, kabla hawajaniita, usiisikie kwa mara ya kwanza mbele za watu. Nimesema pia nisamehe, lakini nadhani sikutoa sauti.

Anasoma. Naandika ili nisimwangalie. Anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa utulivu, kama ambavyo angepitisha mkono kwenye kitambaa kutafuta mahali penye kasoro. Ukurasa wa kwanza ni wa saa. Ninajua akiwa mstari upi kwa kidole. Sasa yuko kwa fundi. Sasa yuko kwenye namba. Kidole kimesimama kwenye namba, midomo inatembea, anazipiga hesabu mwenyewe.

Mlango umefunguliwa. Daktari ametoka, macho mekundu, amepita bila kutuona. Karani ameniita. Jina langu kamili, ambalo hapa hakuna anayelijua.

Nimemwambia subiri.

Karani anasema kamati haisubiri. Nimemwambia itasubiri, kuna mtu anasoma.

Ukurasa wa pili nimeandika kwamba aliniambia mtoto hachezi, na kwamba sikuinua uso.

Amegeuza karatasi.